Kengele Aliyonyimwa Bibi Yangu

Mzungu wetu alichukuliwa asubuhi, saa ambayo wanawake tunateremka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani. Vita vilikuwa vimeanza Ulaya. Yeye alikuwa Mjerumani na nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo serikali ilileta lori na askari, wakampakia yeye na mkewe na masanduku yao. Wazee wa kanisa walijipanga kando ya barabara wakalia machozi ya kweli. Lori lilipopotea kwenye kona ya chini, wakapangusa macho na kuanza kutazamana.

Nilikuona kutazamana huko kwa karibu, kwa sababu mkuu wa wazee hao alikuwa baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu alikuwa karani wa kahawa mjini Moshi, alipanda kuja nyumbani Jumamosi na kushuka Jumatatu alfajiri, na siku zote za katikati nilikaa na wazazi wake kwenye kihamba chao, shamba la migomba na kahawa la ukoo, hatua chache chini ya kanisa.

Lilikuwa kanisa kubwa kuliko yote ya upande ule wa mlima, la mawe na bati, na watu wetu walijivuna kana kwamba mawe yale waliyaumba wenyewe. Lilisimama juu ya kilima cha wakwe zangu. Kwetu nilikozaliwa ni kilima cha pili, ng'ambo ya korongo lenye mto. Watu wa vilima hivi viwili walisali pamoja, wakaoana, wakazikana, na hawakuacha hata siku moja kusemana. Wa huku walisema wa kule ni wavivu. Wa kule walisema wa huku wana kiburi. Kwa mazoea yangu ya pande zote mbili, naweza kusema kila upande ulisema kweli.

Kabla ya kupanda lori, mzungu alimpa baba mkwe ufunguo wa kanisa na wa nyumba ya misheni. Ufunguo wa kinanda alimpa mwalimu wa kwaya, mtu wa kilima cha kwetu, mwembamba, mwenye sauti nzuri na mwenye kujua kwamba ana sauti nzuri. Labda mzungu alidhani anagawa kazi. Hakumwambia yeyote nani mkubwa.

Kwa sheria, mkubwa alikuwa mchungaji wetu, mtu wa palepale mlimani, aliyewekewa mikono zamani. Lakini alikuwa mzee mpole aliyependa migomba yake kuliko mabaraza. Ukimuuliza jambo la usharika, alijibu kwamba atawauliza wazee, na wazee maana yake ni baba mkwe. Ukimuuliza jambo la nyimbo, alijibu kwamba mwalimu anajua. Hivyo kanisa likawa na wakubwa wawili na mchungaji mmoja wa kuwaombea.

Vita vyao vilianza Jumapili ya kwanza kabisa. Baba mkwe alisimama kutoa matangazo na hakukaa. Alitangaza habari za mfereji wa maji, za mbuzi waliopotea, za watoto wanaochezea makaburini, akatangaza tena yale aliyokwisha kuyatangaza, mpaka muda wa kwaya ukaisha. Jumapili iliyofuata mwalimu akalipiza. Kila wimbo uliimbwa beti zake zote, hata zile ambazo tangu utotoni sikuwahi kuzisikia, na kati ya ubeti na ubeti kinanda kilizunguka peke yake kama ng'ombe aliyekata kamba. Tulikuwa tunarudi nyumbani jua limegeuka na watoto wanalia njaa. Tuliambiwa ni ibada.

Kisha kikaja kiti. Mzungu alikuwa na kiti chake cha mikono karibu na madhabahu, cha mninga, kirefu cha mgongo. Kilikaa kitupu kwa muda wa heshima. Jumapili moja tukaingia tukamkuta baba mkwe amekikalia, mikono juu ya mikono ya kiti, anatutazama tunavyoingia. Mwalimu alisimamisha kwaya katikati ya wimbo. Alisema, kwa sauti ya upole sana, kwamba kiti kile ni cha aliyewekewa mikono. Baba mkwe akajibu kwamba mchungaji mwenyewe hakitaki. Watu wote wakamgeukia mchungaji, naye akafungua kitabu akaanza kusoma zaburi. Tangu siku hiyo baba mkwe alikikalia, na tangu siku hiyo kwaya ikageuza mabenchi yake, ikaimba ikiwa imempa mgongo. Watu wazima hao. Wengine walikuwa na wajukuu.

Nyumbani sikuruhusiwa kucheka. Mume wangu alinionya kwamba mkamwana mwenye akili hana upande. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa unakaa Moshi. Mimi nilikuwa nampikia baba mkwe mtori wa ndizi huku nikimsikia akipanga jinsi atakavyomkomesha mwalimu, na nikivuka mto kwenda kumsalimu bibi yangu namkuta mwalimu njiani, ananiuliza kwa tabasamu, “Mkuu wa kiti hajambo?”

Bibi huyo ndiye aliyenilea. Ni mama wa mama yangu, na mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Alibatizwa akiwa msichana, katika kundi la mwanzo kabisa la wanawake wa kilima chetu, na alibeba mawe ya kanisa lile kichwani kutoka mtoni, akiwa na mimba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na ng'ombe wawili, kahawa yake kidogo, na mkono wa kupika mbege ambao ulijulikana mpaka Kilema. Ndizi zake zilichemka zikapoa, akazikoroga na ulezi kwa kipimo ambacho hakumwambia mtu, na mbege yake haikumuumiza mtu kichwa. Wazee wa kanisa walihubiri dhidi ya pombe asubuhi na alasiri wakapita kwake kumjulia hali.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Bibi alipika mbege ya kumpokea, kama ilivyo desturi, na wakwe zangu walialikwa kuvuka mto. Baba mkwe alikaribishwa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye babu wa mtoto. Akapewa kibuyu, akaonja, akasifu, akaendelea kusifu mpaka jioni. Alimwambia Bibi kwamba mama kama yeye hazaliwi tena. Nilikuwapo, nimembeba mwanangu.

Miezi michache baadaye baba mkwe alipata silaha mpya. Katika baraza la wazee ilikumbushwa kwamba zamani mzungu aliwatenga na meza ya Bwana watu waliopika pombe, na kwamba desturi hiyo imelegea. Baba mkwe akasema itakazwa. Basi ikakazwa, lakini ilikazwa ng'ambo tu. Kila Jumapili aliposoma majina ya waliotengwa, yote yalikuwa ya kilima cha kwetu: mjomba wa mwalimu, jirani ya mwalimu, baba wa mwimba besi. Upande wa huku pombe ilipikwa vilevile, moshi ukapanda kwenye migomba ukaonekana na kila mtu, na hapana jina lililosomwa.

Halafu akasoma la Bibi yangu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi lake la siku zote, upande wa wanawake, karibu na nguzo. Nilimtazama. Hakuinama wala hakulia. Alikusanya shuka lake, akainuka, akatoka nje polepole kwa sababu ya magoti, na mlangoni akageuka akaangalia kile kiti kwa muda. Kisha akaenda zake. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, aliacha kuimba hadi mwisho wa ibada.

Alasiri nilivuka mto. Nilimkuta Bibi anachambua maharage. Nilimwambia kwamba anaweza kurudi kundini. Anachotakiwa ni kusimama mbele ya washarika na kusema amekosa, na mambo yataisha.

“Nitasimama,” alisema. “Nilipika mimi, akanywa baba mkwe wako. Siku atakayosimama yeye, nami nitasimama karibu naye. Tutasaidiana kuungama.”

Nikamwambia hilo haliwezekani.

“Basi niache nichambue maharage.”

Ningependa kusema kwamba mwalimu wa kwaya, kwa kuwa alikuwa mtu wa kilima chetu, alimtetea kwa moyo safi. Mwalimu alifurahi. Sijui neno jingine. Kwa miaka mingi hakuwahi kuingia kwa Bibi hata kuomba maji. Sasa alikuja na kwaya nzima uani, tarumbeta na ngoma, wakamwimbia mama mteswa. Kuku walikimbilia migombani. Alitangaza kwamba kwaya haitaimba siku za meza ya Bwana mpaka mama huyu arudishwe, na jambo hilo lilimpa nafasi ya kukaa nyumbani na ufunguo wa kinanda mfukoni, huku baba mkwe akijaribu kuanzisha nyimbo mwenyewe kwa sauti kama mlango mkavu. Bibi alimwomba mwalimu asilete tena tarumbeta. Mwalimu aliniambia kwamba unyenyekevu wa mama huyu ni mfano kwetu sote, na wiki iliyofuata akazileta.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yake ya mwisho, mwanamke aliyebeba mawe ya kanisa. Huku walimtumia kuwatisha wengine na kule walimtumia kama bendera, na Jumapili alikaa nyumbani, akinisubiri nipite kumweleza mahubiri yalikuwa juu ya nini. Mara nyingi sikuwa na la kumweleza.

Alifariki msimu wa baridi, siku zile ukungu unaposhuka mpaka kwenye kahawa na mlima haujulikani uliko. Alikohoa kwa muda mfupi tu. Nilikuwa naye tangu jana yake, na mchana, wajomba zangu wakiwa wametoka kutafuta maziwa ya moto, akanishika mkono akalala.

Kwetu, msharika akifa kengele ya kanisa hupigwa, ili vilima vyote viwili vijue na watu waache kazi zao. Wajomba walisema nisijisumbue kwenda kuomba. Nilisema nitakwenda. Wakati navaa viatu, mwalimu wa kwaya alikwisha kufika. Maiti haijaoshwa, naye anaonyesha kwa kidole mahali pa kusimama sauti ya kwanza na mahali pa kusimama besi, na anawaambia wajomba kwamba msafara lazima upite mbele ya kanisa, taratibu, ili wale watu waone.

Nilivuka mto nikapanda. Baba mkwe alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya misheni, ambayo siku hizo aliiita ofisi, pamoja na wazee wenzake. Walikuwa wanakunywa chai katika vikombe vya mke wa mzungu. Nilipiga goti nikasalimu, shikamoo kwa kila mmoja, nikasema Bibi amefariki na naomba kengele.

Walinipa pole wote. Baba mkwe aliweka kikombe chini.

“Mkamwana, mimi ni baba yako, na uchungu wako ni wangu. Lakini kengele ni ya walio kundini. Nikiipiga leo kwa aliyetengwa, kesho kila mlevi ataitaka.”

Mkamwana hamjibu baba mkwe wake mbele ya wazee, na yeye alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alisema bila haraka. Nilisimama nikashukuru. Nilishukuru! Nikateremka kihambani, na sikulia mpaka nilipomwona mama mkwe.

Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza. Hakuniuliza kitu ila mara moja: “Alisema mlevi?”

Nikasema ndiyo.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mkimya. Katika muda wote niliokaa naye sikuwa nimemsikia akimpinga mumewe hata juu ya chumvi. Alichomeka mundu wake kwenye mgomba, akanawa mikono na miguu, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo zake za Jumapili. Akaanza kupanda, nami nikamfuata kwa nyuma, nikiogopa.

Barazani hakupiga goti. Alisimama chini ya ngazi.

“Mzee wangu,” alisema, “siku ile ya mtoto, ulipotoka kwa mama huyu, nani alikushika mkono kukuvusha mto? Au nilikuwa nimemshika mtu mwingine?”

Wazee wakaangalia vikombe vyao. Mmoja akaona kitu cha kumvutia sana katika dari. Baba mkwe akasema lile aliloweza kulipata, kwamba wanawake hawapigi kengele.

“Basi inuka uipige wewe.”

Hakuinuka. Mama mkwe alisubiri kidogo, kwa heshima kabisa, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kupita mlangoni. Kisha akageuka akaenda.

Kengele yetu ilining'inia nje, kwenye nguzo mbili za mti, haikuhitaji ufunguo wa mtu. Alishika kamba akavuta. Hakujua kupiga, ililia ovyo, mara mbili kwa haraka, ikanyamaza, ikalia tena, na kwa kuwa alikuwa mfupi kamba ilimnyanyua kidogo kila iliporudi. Lakini ilisikika. Chini kwenye vihamba niliona watu wanasimama na majembe yao. Ng'ambo, ambako ukungu ulificha kila kitu, tarumbeta moja iliyokuwa inajaribiwa ilikatika ghafla.

Wazee wengine walibaki barazani. Hapana aliyethubutu kumwondoa mke wa mkuu wao kwenye kamba, na mkuu wao mwenyewe alikuwa ameingia ndani kutafuta miwani, ambayo ilikuwa usoni pake.

Tulikuwa bado tumesimama pale alipotokea mchungaji, anapanda kutoka shambani kwake. Alikuwa amevaa joho lake jeusi juu ya suruali ya kazi, pindo limejaa matope, kitabu kwapani. Mzee mmoja alimwahi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kumetokea makosa, marehemu alikuwa ametengwa. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Nilijua atasema atawauliza wazee.

“Mimi nimesikia kengele ya maiti,” alisema. “Ikilia, mchungaji huja kuzika. Hayo mengine mtaniambia nikirudi.”

Akamwuliza mama mkwe njia ipi haina utelezi, wakateremka pamoja.

Bibi alizikwa siku iliyofuata kwenye kihamba chake, katikati ya migomba. Mchungaji alisoma yote yanayosomwa, hakuruka neno. Watu wa vilima vyote viwili walikuja, hata wake wa wale wazee wa barazani, kila mmoja na maziwa yake au unga wake. Waume zao walipatwa na mafua.

Kisha mwalimu akaomba neno. Alimtaja Farao, akamtaja Herode, akaeleza jinsi kwaya ilivyoteswa, jinsi mabenchi ya kwaya yalivyosogezwa, jinsi yeye mwenyewe alivyovumilia matangazo. Wakaimba wimbo aliotunga usiku ule. Bibi alitajwa katika ubeti wa kwanza na hakutajwa tena. Alipoanza kueleza habari za kinanda, mjomba wangu mkubwa alichukua jembe akaanza kufukia. Wajomba wengine wakamfuata. Mwalimu aliendelea kwa muda, akishindana na udongo, halafu akanyamaza.

Nyumbani, baba mkwe hakumgusa mama mkwe wala hakumkemea. Alimnunia mpaka mavuno ya kahawa, akila peke yake chumba cha mbele. Mama mkwe alipakua chakula, akampelekea, akarudi jikoni tukaendelea na mazungumzo yetu. Habari ilienea mlima mzima. Sokoni Himo watu nisiowajua waliniuliza kama mimi ni wa kule kwa mama wa kengele. Wakatoliki wa Kilema walitucheka, na sikuona sababu ya kuwakataza.

Vita vilipokwisha, tuliletewa wamisionari wa nchi nyingine. Baba mkwe alishuka Moshi kuwapokea stesheni na vibuyu vya maziwa. Mwalimu alishuka na kwaya. Mume wangu aliyekuwapo alinisimulia kwamba kila mmoja alijitahidi kumfikia mzungu kwanza, maziwa yakamwagika juu ya tarumbeta, na mzungu mpya, kijana mwekundu wa jua, akampa mkono mchukuzi wa mizigo akidhani ndiye mwenyeji wake. Alipopanda kwetu, kwa adabu kabisa, aliomba funguo zote. Walizitoa. Baadaye usharika ukapewa mchungaji kijana kutoka upande wa magharibi wa mlima, mtu aliyesoma, asiye na haja ya ushauri wa yeyote kati yao.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Ghafla vilima vyetu viwili vikawa kitu kimoja, “sisi wa hapa”, na baba mkwe na mwalimu hawakuachana tena. Alasiri walikaa pamoja kwenye kihamba chetu, wakinywa mbege iliyopikwa na mama mkwe, wakimsema mchungaji mgeni jinsi anavyotembea. Ilipovuma kwamba litajengwa kanisa kuu, walivaa makoti wakashuka na kupanda kuwaona wakubwa, ili lijengwe kwetu. Walipoambiwa litakuwa mjini, walirudi wamekasirika sana juu ya watu wa mjini. Sikuwahi kuwasikia wakimtaja Bibi. Nadhani hawakumficha, walikuwa wamemsahau kweli.

Baba mkwe alitangulia kufa. Alizikwa kwa heshima zote, na aliyesimama kumsifu alikuwa mwalimu wa kwaya, mvi zimemjaa, sauti bado nzuri. Alisema walifanya kazi ya Bwana bega kwa bega tangu ujana na hawakuwahi kukosana hata siku moja. Alilia, na waliokuwa karibu naye walilia.

Mama mkwe alikuwa amekaa nami mkekani, amejitanda shuka jeusi. Aliniinamia akaniuliza kama ndizi za wageni zimeiva. Nikasema sijui. Akasema niende nikaangalie, na nisitie chumvi mpaka aje yeye.